Cheo cha Erroll: Kutoka Nira ya Maksai hadi Makaburi ya Kiambu

(Hotuba iliyotolewa Jumamosi moja mchana jijini Nairobi mbele ya wapenzi wa historia, ikaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti hivi vya mbao, asanteni kwa kuja.

Nilipokuwa mlangoni, mzee mmoja alinishika mkono, hakuuachia. "Mwalimu," akasema, "leo tutaambiwa nani alimuua Lodi Erroll?" Nilimwomba radhi palepale, na sasa nawaomba radhi nyote. Swali hilo limeulizwa tangu mwaka 1941, mlowezi huyo alipokutwa ndani ya gari nje ya Nairobi amepigwa risasi. Limeandikiwa vitabu, limetengenezewa filamu, na hadi leo haliishi midomoni mwa watu wa Karen na Naivasha. Mimi nina swali jingine, nimekaa nalo miaka mingi darasani. Usiku ule mtu alikufa. Cheo chake je, kilikufa naye? Na kama hakikufa, kilikwenda kwa nani, na nani aliamua kiende huko?

Nikiwajibu kwa mkato: cheo kilipasuka vipande viwili. Kipande kikubwa, chenye umri wa karibu miaka 500, kilimwendea msichana wa miaka 15 aliyekuwa ng'ambo, Uingereza. Kipande kidogo, cha miaka 110, kikamwendea baba yake mdogo. Hapakuhitajika kikao cha wazee kugawa. Kila kipande kilifuata maneno yaliyoandikwa kwenye hati yake siku kilipotolewa. Hicho ndicho ninachotaka tukitazame leo, maana mimi nimeshawishika kwamba cheo cha namna hii hakirithiwi kwa damu peke yake. Damu inapita pale tu maneno ya hati yanapoiruhusu kupita.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi. Waingereza wana vyeo vitano vya kurithi vya makabaila: duke juu kabisa, chini yake markizi, kisha eali, kisha vaikaunti, na mwisho baroni. Wote hao, ukimtoa duke, huitwa lodi katika mazungumzo ya kawaida, ndiyo maana huku kwetu mtu huyu alijulikana kama Lodi Erroll. Kumbe alikuwa eali, na juu ya hapo alikuwa pia baroni. Mtu mmoja anaweza kubeba vyeo kadhaa kama anavyovaa kanzu, koti na kofia kwa wakati mmoja. Lakini kila vazi lina fundi wake na lina vipimo vyake, na akifa mwenye nayo si lazima yote yamkae mrithi mmoja.

Errol ni kijiji huko Perthshire, Uskoti, kando ya mto Tay, kati ya miji ya Perth na Dundee. Ukoo wenye cheo hiki ni ukoo wa Hay, na kama koo zote kongwe, nao una ngano ya asili yake. Wanasimulia kwamba karne ya 10 Wadenmaki waliivamia Uskoti, wakapambana na Waskoti mahali panapoitwa Luncarty. Waskoti wakashindwa, wakaanza kukimbia. Karibu na hapo palikuwa na mkulima aliyekuwa akilima na wanawe wawili. Mkulima akawafungua maksai, akaitwaa nira, wanawe nao vivyo hivyo, wakasimama kwenye njia nyembamba wakawapiga kwa nira zile wote waliopita, wanaokimbia na wanaowakimbiza, mpaka askari wa mfalme wakaona haya wakageuka. Wadenmaki wakashindwa. Mfalme akamwambia mkulima atapewa ardhi yote ambayo kozi atairuka bila kutua. Kozi akaachiliwa, akaruka, akaruka, akatua juu ya jiwe. Ardhi ile ikawa Errol.

Ngano nzuri sana. Wanahistoria wanasema sivyo ilivyokuwa, na mimi nawaamini: ukoo huu ulitoka La Haye huko Normandi, Ufaransa, na mtu wao wa kwanza kujulikana Uskoti, William de la Hay, alikuwa mnyweshaji wa mfalme katika karne ya 12. Yaani walikuja na farasi na hati, hawakuja na jembe. Hata hivyo, ukiitazama nembo ya ukoo huo utaona ngao tatu nyekundu juu ya uwanja mweupe, baba na wanawe wawili. Pembeni wamesimama wanaume wawili waliovaa nguo za shamba, na kila mmoja ana nira ya maksai begani. Juu kabisa yuko kozi. Mimi picha hiyo hunigusa. Watu waliokula meza moja na wafalme kwa miaka 800 waliona fahari yao ikamilike kwa kujichora kama wakulima.

Sasa njooni kwenye 1314, mwaka ambao Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, aliwashinda Waingereza pale Bannockburn. Miongoni mwa watu waliosimama naye tangu siku za shida alikuwa Gilbert de la Hay. Mfalme alimlipa kwa mashamba ya Slains, pwani ya kaskazini-mashariki, yaliyonyang'anywa kwa adui yake Comyn, na akampa kazi ya Konstebo Mkuu wa Uskoti, yeye na warithi wake milele.

Naona vijana wanacheka. Ndiyo, konstebo, neno lilelile mnalomwitia askari wa kituo chenu cha polisi. Neno hilo asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mkuu wa zizi la farasi. Anayetunza farasi wa mfalme hatimaye huongoza wapanda farasi, na anayeongoza wapanda farasi hatimaye huongoza jeshi. Konstebo wa Uskoti alikuwa na jambo moja zaidi: usalama wa mwili wa mfalme. Fujo au damu ikimwagika ndani ya maili 4 kutoka pale mfalme alipo, kesi ni ya konstebo. Kazi hiyo ya ukonstebo ndiyo kongwe kuliko cheo chenyewe. Ueali ulikuja baadaye, Mfalme James II wa Uskoti alipompa William Hay. Mkisoma vitabu mtaona vingine vinaandika 1452 na vingine 1453. Hakuna aliyekosea. Hati ni ya mwezi Machi, na Waskoti wa enzi hizo walikuwa wakifungua mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Machi yao ya mwanzoni ilikuwa bado ni ya mwaka wa zamani.

Sitawachosha na kila eali. Wa nne aliuawa vitani Flodden mwaka 1513, siku Waskoti walipompoteza mfalme wao na wakuu wao wengi kwa mkupuo mmoja. Wa tisa, Francis, alishikilia Ukatoliki wakati nchi imekuwa ya Kiprotestanti, akaingia kwenye uasi, akapigana Glenlivet mwaka 1594, na Mfalme James VI akaja mwenyewe kuilipua ngome yake ya Slains. Akajenga nyingine mbele kidogo juu ya majabali ya bahari. Ishikeni ngome hiyo ya pili, maana jina lake litatufuata hadi Nyandarua.

Ninapotaka kutua ni kwa eali wa 11, Gilbert, aliyefariki mwaka 1674. Huyu hakuwa na mtoto. Kwetu sisi mtu kama huyo husemwa nyumba yake imezimika. Yeye alifanya jambo ambalo sheria ya Uskoti iliruhusu na sheria ya Uingereza haikuruhusu kabisa: alikirudisha cheo mkononi mwa mfalme, Charles II, akapewa tena kwa hati mpya iliyompa ruhusa ya kumtaja mrithi wake mwenyewe. Fikirini. Cheo kikarudishwa kama mtu anavyorudisha hati ya shamba afisi ya ardhi, kikatoka na masharti mapya. Akamtaja binamu wa mbali, John Hay, na kizazi chake.

Mwana wa John, Charles, eali wa 13, alipinga kwa nguvu Muungano wa 1707 uliozifanya Uskoti na Uingereza kuwa nchi moja, na mwaka uliofuata akafungwa katika ngome ya Edinburgh. Alifariki mwaka 1717 bila kuoa. Cheo kikamwangukia dada yake, Mary. Hapo ndipo mwanamke alipokuwa mwenye cheo kwa haki yake, si kwa kuolewa na mwenye nacho. Akaitwa Kauntesi wa Erroll, na ukonstebo wa Uskoti ukawa wake. Alikaa nacho miaka 41. Prince Charles Edward Stuart alipokuja mwaka 1745 kudai kiti cha babu zake, Bibi Mary alikuwa upande wake, na hakuficha.

Naye hakuwa na mtoto. Mrithi akawa mjukuu wa dada yake, kijana aitwaye James Boyd, na habari ya kijana huyu siwezi kuiruka.

Baba yake James alikuwa William Boyd, Eali wa Kilmarnock. Baba alimfuata Prince Charles. James alikuwa afisa katika jeshi la serikali. Tarehe 16 Aprili 1746 majeshi hayo mawili yakakutana uwanda wa Culloden, baba upande huu na mwana upande ule. Vita ilichukua chini ya saa moja, na upande wa baba ukavunjwa. Katika moshi ule Kilmarnock aliwaona wapanda farasi mbele yake, akadhani ni wenzake, akawaendea. Walikuwa wa serikali. Wakamkamata. Walipokuwa wakimpitisha mbele ya safu za askari, kofia yake imeanguka, nywele zinampiga usoni kwa upepo, inasimuliwa kwamba James alitoka kwenye safu yake, akamwendea baba yake mbele ya jeshi zima, akavua kofia yake mwenyewe akamvika. Kisha akarudi mahali pake. Baba alikatwa kichwa London, Tower Hill, tarehe 18 Agosti mwaka uleule, na vyeo vyake vyote vikafutwa na dola.

Hapa utofauti wa hati unaonekana wazi. Cheo cha Kilmarnock kilikuwa cha baba, na baba alihukumiwa kwa uhaini, kwa hiyo kikafa naye. Cheo cha Erroll kilikuja kwa James kupitia upande wa mama, kutoka kwa yule bibi ambaye moyo wake ulikuwa kwa waasi lakini hakuhukumiwa. Mwaka 1758 Bibi Mary akafariki. James akaliacha jina la Boyd, akajiita Hay, akawa eali wa 15. Mwandishi Samuel Johnson alipofika Slains mwezi Agosti 1773 alipokelewa na Charles Boyd, mdogo wake James, ambaye yeye alipigana upande wa baba na akaishi uhamishoni Ufaransa. Jioni mwenye nyumba akarudi. Ndugu wawili waliokuwa pande mbili za Culloden, wanamkaribisha mgeni meza moja, bahari inapiga chini ya madirisha. Ningependa sana kujua walipokuwa peke yao walimtaja baba yao vipi.

Sasa mtaniuliza, kipande cha pili kilitoka wapi? Subirini kidogo, kimetokana na ule Muungano wa 1707.

Kabla ya Muungano, kila eali wa Uskoti alikuwa na kiti katika bunge la nchi yake. Baada ya Muungano bunge hilo likafungwa, na katika Bunge la Malodi kule London Waskoti wote wakapewa viti 16 tu, wachaguane wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo ungeweza kuwa eali wa miaka 300 na usiwe na pa kukaa, wakati baroni wa juzi wa Kiingereza anaingia bila kubisha hodi. Dawa ilikuwa kupata cheo cha pili, cha ufalme uliounganishwa, hata kama ni kidogo. Eali wa 18, William George Hay, alikuwa na njia rahisi: alimwoa Elizabeth FitzClarence, binti wa nje ya ndoa wa Mfalme William IV. Mwaka 1831 mkwewe akampa cheo cha Baroni Kilmarnock. Jina la babu aliyekatwa kichwa likarudi kwa mlango mwingine.

Lakini hati ya 1831 iliandikwa kwa mtindo wa kawaida wa Kiingereza: kitarithiwa na wanaume waliotoka kiunoni mwa baroni wa kwanza. Wanaume tu. Basi kuanzia siku hiyo, kila Eali wa Erroll alitembea amevaa mavazi mawili, moja linaloweza kumkaa binti na jingine lisiloweza. Kwa miaka 110 hakuna aliyegundua, maana kila mmoja aliacha mwana wa kiume.

Huyu wetu, Josslyn Hay, alizaliwa London mwaka 1901. Fedha za ukoo zilikuwa zimekwisha. Ngome ya Slains iliuzwa mwaka 1916, na mwaka 1925 ikaezuliwa paa. Kwa wakati huo Josslyn alikuwa ameshafika Kenya. Alikuja mwaka 1924 na mkewe Idina Sackville, wakakaa bonde la Wanjohi, na nyumba yao huko Nyandarua wakaiita Slains. Jina la ngome iliyouzwa likapandishwa mlimani. Baba yake alipofariki mwaka 1928, akawa eali wa 22. Aliachana na Idina, akaoa mwanamke mwingine mwenye mali, akahamia Oserian, ufukweni mwa ziwa Naivasha.

Mambo ya karamu zao na wake za watu mnayajua, nami sitayarudia. Nataka kusema neno kuhusu ardhi waliyokaa juu yake, na nitalisema kwa uzito wote, kwa sababu mada yangu ni maneno yaliyoandikwa.

Naivasha ilikuwa ya Wamaasai. Mwaka 1904 waliwekeana mkataba na serikali ya Mwingereza, wakaondoka Bonde la Ufa wakahamishiwa Laikipia na kusini. Mkataba ule uliandikwa kwamba utadumu muda wote ambao Wamaasai wataendelea kuwapo duniani. Haikupita miaka 7. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili, wakaondolewa Laikipia nako. Wakaenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Sasa wekeni karatasi hizo mbili mezani. Zote mbili ni ahadi za taji. Moja imeandikwa mwaka 1453 kwa ajili ya familia moja ya Uskoti, ikabadilishwa masharti kwa ombi la mwenye cheo mwenyewe, na ikaheshimiwa kupitia uasi, vita na wafalme waliopinduliwa. Nyingine imeandikwa mwaka 1904 kwa ajili ya taifa zima, nayo ikavunjwa kabla wino wake haujafifia. Kila ninapofundisha somo hili koo hunikauka. Wamaasai bado wapo duniani. Masharti ya mkataba wao yametimia hadi leo.

Tuendelee. Mwaka 1934 Josslyn alijiunga na chama cha mafashisti cha Uingereza. Mei 1937 alikuwa London kwa kutawazwa kwa Mfalme George VI, akasimama kama Konstebo Mkuu wa Uskoti, kazi ileile aliyopewa Gilbert baada ya Bannockburn. Mwaka 1939 akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya kuwakilisha walowezi wa Kiambu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza akawa katibu wa masuala ya kijeshi wa koloni. Na alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mnamo saa tisa usiku, Waafrika wawili waliokuwa kwenye gari la maziwa waliona taa za gari zikiwaka pembeni mwa barabara, karibu na njia panda ya kwenda Ngong. Ilikuwa Buick, imeingia kwenye shimo la changarawe. Ndani alikuwa Lodi Erroll, amepigwa risasi kichwani. Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa mpenzi wa marehemu, alishtakiwa, na mwezi Julai mahakama ya Nairobi ikamwachilia. Marehemu akazikwa Kiambu. Inatosha.

Maana wakati ule askari wanapima umbali wa tairi na shimo, jambo jingine lilikuwa limeshatokea, bila sauti. Josslyn alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Diana. Alizaliwa mwaka 1926. Wazazi wake walipoachana alikuwa mdogo mno, akapelekwa Uingereza akalelewa na ndugu. Baba yake hakumjua vizuri, wala yeye hakumjua baba. Msichana huyu alikuwa ametimiza miaka 15 wiki tatu tu kabla. Na pale pale baba alipokata roho, kabla hajafahamishwa mtu yeyote, Diana alikuwa Kauntesi wa Erroll, mkuu wa ukoo wa Hay, na Konstebo Mkuu wa Uskoti. Kwa sababu ya hati ya Gilbert asiye na mtoto. Kwa sababu Mary alitangulia mwaka 1717 na njia ikabaki wazi.

Cheo cha Baroni Kilmarnock kilimpita. Kilimwendea baba yake mdogo, Gilbert, ambaye mwaka uleule alilibadili jina lake kuwa Boyd, akarudi kwenye jina la yule mzee wa Culloden. Na kiti katika Bunge la Malodi kikaenda naye, kwa kuwa kiti kilikuwa kwenye ubaroni. Basi Diana akawa mwenye cheo kikubwa kisicho na kiti, na ami yake mwenye cheo kidogo chenye kiti. Na hata kama kiti kingekuwa cha kwake, asingekikalia, kwa sababu mwaka 1941 hakuna mwanamke yeyote aliyeruhusiwa kuingia Bunge la Malodi kwa cheo cha kurithi. Nchi ilimwamini kuwa mlinzi wa mwili wa mfalme, lakini haikumwamini kukaa kwenye benchi na kupiga kura.

Hilo lilibadilika kwa njia ya ajabu. Mbunge mmoja wa Bristol, Tony Benn, alirithi cheo cha baba yake mwaka 1960, na alikuwa hakitaki, maana kilimtoa katika Bunge la Makabwela alikochaguliwa na watu. Alipigania miaka mitatu haki ya kukikataa. Sheria ikapita tarehe 31 Julai 1963, na ndani yake mkawa na mambo mawili zaidi: malodi wote wa Uskoti wapate viti, si 16 tu, na wanawake wenye vyeo vyao wenyewe waingie. Mtu aliyekimbia cheo chake akawafungulia mlango waliokuwa na vyeo wamefungiwa nje. Diana, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 37, akaingia. Tangu Muungano wa 1707 ilikuwa ni mara ya kwanza Mwenye Erroll kukaa bungeni kwa cheo hichohicho cha Erroll, bila kuchaguliwa na wenzake na bila kuazima cheo kingine, na aliyekaa alikuwa mwanamke.

Alifariki mwaka 1978. Mwanawe, Merlin Hay, ni eali wa 24. Mwaka 1999 wenye vyeo vya kurithi walipoondolewa bungeni wakabakizwa 92, yeye alikuwa mmoja wa waliochaguliwa na wenzao kubaki. Mwezi Septemba 2024 serikali ilifikisha bungeni muswada wa kuwaondoa na hao. Cheo chenyewe muswada haukukigusa. Ulichokilenga ni kiti.

Nimebakiza jambo moja, kisha tule hizo mandazi naona zimeshaanza kupoa.

Tarehe 6 Mei 2023 wengi wenu mliangalia kwenye televisheni Mfalme Charles III akitawazwa Westminster. Katika msafara ule alipita mzee mmoja ambaye watangazaji hawakumtolea maneno mengi. Alikuwa Merlin Hay, Konstebo Mkuu wa Uskoti. Ukiihesabu njia iliyomfikisha pale kutoka kwa John Hay, aliyetajwa na yule eali asiye na mtoto, utapita kwa mwanawe Charles, kwa Mary dada yake Charles, kwa mjukuu wa dada yake Mary, kisha wanaume mfululizo mpaka kwa mtu aliyelala Kiambu, ambaye hana mwana wa kiume. Na kutoka kwenye kaburi lile la Kiambu hadi Westminster kuna hatua moja tu katikati, nayo ni Diana.